Kapu la Posa Lililofunguliwa Busiu

Kwanza tusafishe njia. Ni kweli nilianguka ukweni. Si kweli kwamba nilianguka chooni. Aliyewaletea habari hiyo pale kwa muuza kahawa ameigeuza kichwa chini miguu juu, kwa sababu chooni ndiko nilikokataa katakata kwenda, na balaa lote lilianzia hapo. Tangu nirudi, kila nikipita mtu ananishika mkono: "Ramadhani, ilikuwaje?" Nimechoka kusimulia nikiwa nimesimama juani. Basi kaeni, nawasimulia mara moja tu.

Mnaonijua mnajua kwamba kazi yangu ni kutengeneza vyerehani, na kwamba mdomo wangu hufanya kazi kuliko mikono. Mnajua pia kwamba tangu mwaka jana nina kisukari. Nilipewa vidonge vya aina mbili: kimoja kikubwa, cheupe, kinapita kooni kwa kubishana, kingine kidogo, ukikiangusha sakafuni umekipoteza. Nikaviita Bwana Mkubwa na Bwana Mdogo. Bwana Mkubwa alinitesa tumbo tangu siku ya kwanza: gesi, kuhara, na ladha ya bati mdomoni. Bwana Mdogo alikuwa mpole, hana neno na mtu. Mimi nikampenda huyo mpole. Wahenga walisema simba mwendapole ndiye mla nyama, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa anameza dawa?

Jinja: makapu yenye mafundo

Safari ilikuwa ya kumposea mpwa wangu Swaibu. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, na upande wa baba hakubaki mwanamume wa kusimama, kwa hiyo dada yangu mkubwa, Zubeda, mama yake, aliniita akaniambia, "Mdomo wako umenichosha maisha yangu yote. Mara hii utanifaa." Binti anaitwa Rehema Nandudu, kwao ni Busiu, ukitoka Mbale kuelekea Tororo. Huko kijana hapewi mke kwa kupendwa tu. Lazima mtu mzima wa ukoo wake asimame mbele ya watu, amwombee. Mtu huyo nilikuwa mimi peke yangu. Nisiposimama, Swaibu anarudi Jinja mikono mitupu.

Gari lilikuwa pikapu ya jirani yetu, Afande Opio, askari magereza mstaafu, mtu wa kaskazini. Kiswahili chake alikiokota kambini na hajawahi kukifua. Zubeda alimpakilia mchele, sabuni, chumvi, gauni la gomesi la mama wa binti, kanzu ya baba yake, kreti za soda, mbuzi mmoja mwenye tabia mbaya, na makapu ya sukari. Kila kapu lilifunikwa kitambaa na kukazwa kwa mafundo aliyoyasomea dua.

"Kapu la posa halifunguliwi njiani," alituonya. "Likifunguliwa njiani, heri yake imemwagikia njiani. Wa kulifungua ni wao wenyewe, mbele ya watu wote."

Nyuma kulijaa, Swaibu akajibana huko na mbuzi, kwa hiyo kapu moja nikapakatishwa mimi kwenye kiti. Afande alipogeuka akaona mgonjwa wa kisukari amekumbatia sukari, alicheka hata akashindwa kuingiza gia.

"Mzee, hii ni kama kupa mufungwa ufunguo ya jela," alisema.

Zubeda hakucheka. Tulipoiacha Bugembe, akaniinamia. "Kule wataulizia maradhi ya ukoo. Hawaoni haya, wanauliza hadharani: kifafa, wazimu, na siku hizi wameongeza sukari na presha. Yule kijana wa mtaa wa pili si alikataliwa kwa sababu ya babu yake? Sasa wewe, Ramadhani, huna kitu. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Huna kitu!"

Tumbo langu lilijibu kwa niaba yangu, likanguruma hadi mbuzi akaitikia.

Iganga, na msikiti wa kando ya barabara

Alfajiri nilikuwa nimemeza mabwana wote wawili kwa chai kavu, kwa kuwa kwenye pakiti palisema asubuhi, na mimi asubuhi naianza mapema. Tulipofika mbele ya kambi ya jeshi ya Magamaga, Afande akawa anawapigia saluti askari wote kama wenzake wa zamani, hata wale wasiomjua. Nikamwambia asimame, tumbo limenibana. Akasema mbele ya kambi hapasimamwi ovyo. Nikamwambia basi aendeshe kama mtu anayefukuzwa na kambi nzima, na alifanya hivyo.

Kituo cha mafuta cha Iganga kiliniokoa. Tukaenda, tukala gonja, zile ndizi tamu za kuchoma, maana Zubeda alisema tumbo tupu ndilo linalopiga kelele. Hazijapoa mkononi, nikaomba kusimama tena. Safari hii hapakuwa na kituo, palikuwa na msikiti mdogo wenye choo safi na birika la maji mlangoni. Nikaingia mbio, nikatoka nikiwa mtu mwingine, na hapo ndipo mwadhini aliponidaka.

Alikuwa mzee wa Kisoga, mchangamfu, aliyeona pikapu imefunga breki mbele ya msikiti wake na mtu mzima akaruka nje kwa kasi ile. Akajua ni ucha Mungu.

"Mashallah! Mugeni nakimbilia musikiti!" alisema huku machozi yakimlengalenga. "Siku hizi watu nakimbilia mupira tu."

Mngefanya nini? Nilitawadha, nikaswali rakaa mbili kwa unyenyekevu mkubwa. Nilipomaliza, chai ilikuwa tayari, na sukari ilikuwa imetiwa kwa ukarimu wote wa Busoga: kijiko kilisimama wima chenyewe. Nikakataa kwa upole. Uso wake ukaanguka. Nikajua anadhani namwona mchafu, au mchawi, na yote mawili ni matusi. Nikafungua kinywa nimwambie ukweli, lakini Zubeda alikuwa dirishani mwa gari ananitazama kwa jicho lile alilokuwa akinitazamia tangu utotoni.

"Nimeweka nadhiri, mzee wangu," nikasema. "Mpaka posa ipokelewe, sili kitamu."

Akafurahi maradufu, akaita watu wamwone mtu wa nadhiri. Watu walitoka, wakaniombea dua ndefu. Tuliondoka jua limepanda, na Afande akiwa amekunywa chai yangu na yake.

Mpunga haufichi mtu

Barabara ya Tirinyi inapokata bonde la mpunga ni nzuri kuitazama. Kijani mpaka macho yanachoka, ndege weupe, maji yanang'aa. Hapo ndipo lori lililobeba pumba lilipokuwa limelala ubavu, limeziba njia, na magari yamepanga foleni huku na huku. Watu walishuka, wakaanza kushauri. Kila mtu alijua namna ya kuinua lori isipokuwa mwenye lori.

Tumbo langu halikusubiri ushauri. Nikatazama kushoto: mpunga. Nikatazama kulia: mpunga. Ndugu zangu, mpunga ni zao la heri, lakini haufichi mtu. Unafika magotini tu. Afande akachukua mwavuli wa Zubeda, akanisindikiza tutani, akaufungua mbele yangu akasimama wima kama analinda lango la gereza. Wanawake waliokuwa wakipalilia walinyanyua vichwa, na mmoja akapaza sauti:

"Mzee! Mupunga yetu imeshapata mbolea!"

Bonde zima lilicheka, mpaka wale wa kwenye lori. Mwanamke yuleyule alitoka majini, akanionyesha njia ya kwenda nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara, akanipa na maji. "Pole, baba. Tumbo haina adabu," alisema, na wala hakuniuliza zaidi. Nilimshukuru kutoka moyoni. Lakini niliporudi garini nilikuwa nimenywea. Leo wamenicheka watu nisiowajua. Kesho nitakuwa mbele ya wakwe.

Nabuyonga: malewa ya kutazama

Tuliingia Mbale jioni, tukaipita Namatala wakati watu wanatoka vibaruani na wachuuzi wa nyanya wamejaa kingo zote za barabara, tukafika Nabuyonga kwa binamu yetu Halima. Halima alikuwa amepika malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi, kayaunga kwa karanga hadi mchuzi umekuwa mzito. Ndizi zilikuwa pembeni zimefunikwa kwa majani yake. Nayapenda malewa kuliko ninavyoweza kueleza, na nyinyi mnajua ninavyoweza kueleza.

Nilionja kidogo, nikasukuma sahani. Halima akaniuliza kama nimekasirika.

Nilikuwa napiga hesabu. Mnajua ilivyo kule, na kwetu pia: mkwe hatumii choo cha ukweni. Mtu aliyekwenda kuomba mke hawezi kuonekana akikata uwanja, birika mkononi, huku mama wa binti akimwangalia. Hata vijana wanaojifanya wa kisasa wanaibana mpaka wafike barabarani. Sasa mimi na Bwana Mkubwa tungeibana vipi? Kuacha dawa niliogopa, kwani daktari wa Jinja alinitisha sana juu ya macho na miguu. Nikaona njia ya tatu. Bwana Mkubwa hufanya fujo kwa kukitumia chakula. Asipokikuta chakula, atafanya fujo kwa kutumia nini? Basi kesho nameza dawa zote kama nilivyoagizwa, ila sili kitu mpaka tutoke Busiu. Dawa nimeiheshimu, wakwe nimewaheshimu. Niliiona hesabu hiyo imenyooka kabisa, nikalala nikijipongeza.

Busiu

Asubuhi Zubeda alinitazama nikimeza vidonge, akaridhika. Hakuona kwamba uji wangu niliumimina kwa kuku wa Halima. Afande aliona.

"Mzee, wewe nakula nini leo?"

"Nitakula posa ikipokelewa."

"Hata mufungwa tunapa chakula kabla ya kwenda koti kwa hakimu," alisema, akatikisa kichwa.

Busiu ni mahindi na migomba hadi kwenye ukingo wa lami. Boma la wakwe lilikuwa limefagiwa, mahema mawili yanatazamana, na lango limefungwa kwa kipande cha kamba. Mnaijua mila: wageni wasimamishwe langoni kwanza, wajue wamekuja kuomba. Tukasimama. Jua likapanda. Mbuzi akakojoa. Mimi nimelipakata kapu langu, tumbo kimya kama maji ya mtungi, nikajiona bingwa. Palipita muda mrefu kabla kamba haijafunguliwa.

Msemaji wao alikuwa Mzee Mafabi, baba mkubwa wa binti, mrefu, mwenye fimbo na utani. Nilipowasalimu kwa Kiswahili alishika kifua.

"Kiswahili! Mara ya mwisho mimi nasikia Kiswahili kwa hii boma, ni askari walikuwa nasema, 'Lala chini!' Leo nyinyi nakuja kusema nini?"

"Leo tunasema, 'Simama, utupe mke,'" nikajibu.

Mahema yote mawili yakalipuka kwa kicheko. Zubeda alinyoosha mgongo. Nilimwona Swaibu katika kanzu yake nyeupe, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tutoke Jinja, nikahisi nguvu za ujana. Mzee Mafabi akauliza kuhusu dini, nikajibu. Akauliza kuhusu kazi ya kijana, nikajibu. Kisha akaweka fimbo chini.

"Na huko kwenu, bwana, kuna ugonjwa gani kwa ukoo?"

"Hakuna," nikasema kwa sauti iliyofika barabarani. "Sisi tunakufa kwa uzee tu."

Wakati neno hilo linanitoka, jasho lilianza kunimwagika. Si la jua. Lilikuwa baridi, linatiririka mgongoni, na mikono ikaanza kucheza juu ya kapu. Moyo unakimbia. Midomo ikafa ganzi. Nilisikia Mzee Mafabi akisema, "Basi tuonyeshe huyo bwana harusi," na nikanyanyua mkono, nikamwonyesha Afande Opio.

Watu wakacheka hadi wakapiga makofi. Walidhani ni ufundi wangu. Afande, askari mpaka kaburini, alisimama akapiga saluti.

"Haya, sasa tuonyeshe mwenyewe," Mzee Mafabi akasema, akijifuta machozi.

Hapo naambiwa tu, mimi sikumbuki vizuri. Naambiwa nilikasirika. Naambiwa nilipiga kelele, "Nimesema ni huyu! Mnanibishia mpwa wangu mimi?" nikiwa nimemshika Afande kola. Kicheko kikakatika. Nikataka kukaa kwenye kiti kilichokuwa mahali pengine, nikaenda chini pamoja na kapu.

Ninachokumbuka mwenyewe ni uso wa mwanamke mnene, mweusi, karibu sana na wangu, ananipapasa shingo iliyolowa. Alikuwa Senga Nambozo, shangazi wa binti, yule ambaye katika shughuli kama hii hupaswa kukaa ndani na bibi harusi na asimkaribie mkwe kabisa. Alikuwa amechungulia dirishani, akaona mikono yangu inavyotetemeka, akatoka.

"Huyu ana sukali?" alimuuliza dada yangu.

Zubeda aliinama kunifuta jasho.

"Mama, mimi nakuuliza. Huyu ana sukali? Anameza dawa?"

Nimemjua dada yangu maisha yangu yote, na sijawahi kumwona akitazama huku na huku kama alivyotazama siku ile: mimi pale chini, kisha mwanawe ndani ya kanzu, kisha mahema mawili ya watu wanaongojea neno lake. Aliitaka ndoa ile kuliko kitu chochote. Nilitaka kumwambia asiseme, ulimi ukakataa.

"Anayo," Zubeda akasema kwa sauti kubwa. "Anameza dawa. Msaidieni ndugu yangu."

Senga aliuliza kama naweza kumeza, nikameza mate kumwonyesha. Akalivuta kapu. Mafundo ya Zubeda yaligoma, kwa hiyo aliyashika kwa meno, akayang'oa, akachota sukari kwa kiganja, akaikoroga katika kikombe cha maji na kuninywesha polepole huku kichwa changu kipo pajani mwake. Mzee Mafabi alipiga kelele, nusu ya mzaha, nusu ya mazoea: "Kapu imefunguliwa kabla ya wakati! Faini!"

"Faini nitalipa mimi," Senga akamjibu bila kugeuka. "Wewe leta uji."

Mbale, kwenye benchi

Macho yalirudi, akili ikafuata nyuma yake kwa aibu. Nilitaka kusimama niendelee. Senga akakataa: alisema vidonge vile vidogo vinakaa mwilini muda mrefu, sukari inaweza kushuka tena nikiwa nimelala, na yeye alishayaona. Akapanda pikapu pamoja nasi, na chungu cha uji mapajani, tukaenda kwenye zahanati moja ya Mbale anakotibiwa sukari yake. Wageni waliachwa wamekaa mahemani, posa haijapokelewa wala haijakataliwa. Njiani nilimgeukia Zubeda. Nilimwomba radhi, akanishika mkono tu.

Daktari alikuwa dada mmoja mwenye haraka na kicheko cha karibu. Alinitoboa kidole, akatazama, akasema bila ule uji tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Akanilaza kwenye benchi, akawa ananitoboa tena kila baada ya muda. Nikamweleza hesabu yangu yote, kuku wa Halima mpaka choo cha ukweni. Alisikiliza mpaka mwisho, kalamu ikiwa hewani.

"Mzee," alisema, "kile kikubwa hakijakuangusha. Kile kinasumbua tumbo, na kinasumbua zaidi ukikimeza kabla ya kula. Kidogo ndicho kilichokuangusha. Chenyewe kinateremsha sukari, umekula hujala. Hukukipa chakula, kikakuteremsha wewe."

Bwana Mdogo! Yule mpole!

Akanielekeza. Hicho kidogo nikiweke kando kwa sasa, na kabla ya wiki kwisha niende kwa daktari wangu wa Jinja aamue. Kikubwa nikianze upya kwa kiasi kidogo, katikati ya chakula, nikipandishe taratibu kadiri atakavyosema, na tumbo likiendelea kusumbua nimuulize kuhusu kile cha aina inayoyeyuka polepole. Na siku yoyote nitakayoona nashindwa, nirudi niseme, nisijitungie hesabu. Mfukoni nitembee na peremende.

"Mbona hukusema mapema kwamba tumbo linakusumbua?" aliniuliza.

Mtu mwenye mdomo kama wangu! Nimeeleza habari za vyerehani kwa majaji na maaskofu, lakini daktari akiniuliza hali, miezi yote hiyo, nimekuwa nikisema "nzuri" na kuondoka na pakiti yangu.

Senga Nambozo alicheka, akatusimulia ya kwake. Yeye tumbo lilimtesa mpaka akawa anazitupa dawa kwenye shimo la takataka, huku nyumbani wakidhani anameza. "Mimi nalikuwa naficha dawa. Wewe naficha ugonjwa. Zubeda naficha ndugu. Sisi wote wezi tu," alisema. Siku hizi yeye na wenzake wa Busiu huja zahanati kwa pamoja siku ya kliniki, wanaulizana nani amemeza na nani amedanganya. Akasema nikiwa Mbale siku hiyo nije niketi nao. Zubeda alicheka kwanza, kisha akalia, kisha akaomba uji uliobaki.

Busiu tena

Nilitegemea kukuta viti vimepangwa juu ya vingine na mbuzi wetu amefungwa langoni turudi naye. Tulikuta watu wote wamekaa vilevile. Chakula kilikuwa kimefunikwa, hakuna aliyegusa. Swaibu alisimama alipotuona, akakimbia hadi kwenye gari na kanzu yake, akanikumbatia dirishani kabla Afande hajazima injini. Nilifurahi na niliona haya kwa wakati mmoja.

Nikaingia kwa miguu yangu. Sikungoja kuulizwa. Nikasema, "Wazee wangu, asubuhi niliulizwa kuhusu maradhi nikadanganya. Nina kisukari. Mama yetu alikuwa nacho. Kama hilo linavunja posa, lawama ni yangu, si ya kijana. Na bwana harusi ni yule mwenye kanzu. Huyu mwingine ni dereva."

Hawakucheka. Mzee Mafabi aliegemea fimbo, akanong'onezana na wenzake kwa Kigisu chao. Zubeda alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake, anaupindapinda.

"Sisi tunauliza ugonjwa," hatimaye Mzee Mafabi alisema, "kwa sababu hatutaki mutoto yetu aende kwa watu wanaficha. Sasa hamufichi. Sukari hata sisi iko, si mumeona Nambozo? Presha iko. Hata wazimu iko, na ni mimi." Hapo wakacheka. "Mutoto mutapewa. Lakini kapu ilifunguliwa mapema, na faini iko. Faini ni hii: mukwe atakula hapa, sasa hivi, sisi wote tunatazama, mpaka sahani iishe."

Nilikula. Kulikuwa na malewa. Nilimeza nusu ya Bwana Mkubwa katikati ya sahani, hadharani, na Senga alikuwa ananitazama kutoka dirishani kama polisi. Tumbo, kwa mshangao wa wote wanaolijua, lilinguruma mara moja tu likatulia.

Kurudi

Njia ya kurudi haina mengi. Lori la pumba lilikuwa limeondolewa. Mwadhini alitupungia mkono, tukasimama, nikamwambia nadhiri imekwisha lakini sukari bado siwezi, na sababu yake. Akasema hata yeye anayo, akaenda kutuletea chai mpya isiyo na kitu. Zubeda alilala karibu njia yote.

Lakini nimeruka jambo. Tulipokuwa tunaaga Busiu, Senga Nambozo alituma kifurushi kidogo kilichofungwa kitambaa, kimekazwa mafundo kwa kumuigiza Zubeda, na maneno kwamba kisifunguliwe njiani. Tulitii. Nilikifungua Jinja, mezani kwangu, Afande na Zubeda wakiwa wanaangalia. Ndani mlikuwa na ufunguo wa kufuli, mpya. Afande alikuwa wa kwanza kuelewa. Nyuma ya nyumba ile ya Busiu walikuwa wanamalizia choo cha wageni, alikiona alipokwenda kumfunga mbuzi, na mlangoni palikuwa na kufuli inayong'aa.

Katika ukoo wetu hakuna mkwe aliyewahi kufanyiwa heshima kama ile. Niliutia kwenye pete moja na ufunguo wa nyumba yangu, na sioni haya kusema kwamba nilifuta macho.

Daktari wa Jinja nimeshakwenda. Safari hii nilisema yote, mpaka akaniomba nipunguze. Ndoa ni baada ya mavuno ya mahindi, na nyote mmealikwa. Kuleni mshibe, msiogope. Mkibanwa, njooni kwangu. Ufunguo ninao mimi.